Bukavu: Safari ya kwenda kazini nayo ni kazi, fundi aiandike kwenye devi

BUKAVU, KIVU YA KUSINI – Fundi wa Bukavu akipata kazi ya siku chache kule Kalehe, Minova au Goma, swali la kwanza analoulizwa nyumbani si la malipo. Mke wake anamuuliza: «Utapita wapi?» Kuna barabara na kuna ziwa. Kila njia ina bei yake, na kila moja imekwisha kuchukua watu ambao hawakurudi.

Swali hilo halimhusu mtumishi wa serikali mwenye ofisi yake mjini, wala mfanyakazi wa shirika kubwa anayechukuliwa na gari la kazi asubuhi. Linamhusu fundi wa umeme, fundi wa mabomba, masoni, seremala, mpiga rangi, fundi wa mitambo ya jua. Hao ndio watu wanaoitwa kwa kazi moja, wanaandika devi, wanapokea avansi kidogo, wanafanya kazi na kurudi. Tangu mwaka 2025 ulipoanza kwa vita, wamekuwa wengi zaidi mjini, kwa sababu wanaume wengi waliokimbia vijiji vyao wamefika Bukavu na mikono yao tu. Wengine wao wanaitwa kwenda kufanya kazi karibu kabisa na kule walikokimbia.

Mahali pengine swali hili lina jibu jepesi. Fundi wa Morogoro mwenye kazi Dar es Salaam anaweza kulinganisha gari lake na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwezi wa sita 2024. Anajua treni inaondoka saa ngapi na tiketi ni kiasi gani, anajua mafuta ya gari yatakula ngapi. Anapiga hesabu na kuchagua. Hata akichagua vibaya, amepoteza pesa kidogo na saa moja.

Bukavu haina treni. Ina bandari ya SNCC, shirika la taifa la reli, pale pembeni ya ziwa, na mtoto wa shule anaweza kuuliza kwa nini kampuni ya reli iko mahali pasipo na reli hata mita moja. Jibu ni kwamba SNCC ilirithi pia kazi ya usafiri wa maziwa. Reli yenyewe ilijaribiwa wakati wa Wabelgiji. Ilijengwa kutoka Kalundu, karibu na Uvira, ikapita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, kwa nia ya kuunganisha ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Haikupanda milima kufika Bukavu, na ilifungwa hata kabla ya uhuru wa 1960. Ndiyo maana fundi wa Kadutu au wa Panzi leo anachagua kati ya gurudumu na maji.

Njia ya barabara

Mwenye gari lake, hata kama ni la zamani, ana faida ambazo boti haiwezi kumpa. Anapakia ngazi, mashine ya kutoboa, masanduku ya waya na mifuko ya nguo bila kupimiwa mzigo. Anaondoka saa anayotaka. Kazi ikimalizika mapema, anarudi. Akipata abiria watatu wa kugawana esansi, safari inaweza kumrudishia pesa badala ya kumla. Akifika shantie na kukuta amesahau chombo, gari lipo.

Lakini barabara ya taifa namba 2, inayotoka Bukavu kupitia Miti, Kavumu, Katana, Kalehe na Nyabibwe hadi Minova, kisha Sake na Goma, ni kama kilomita 200 za mashaka. Sehemu kubwa haina lami. Mvua ikinyesha, lori moja likikwama, magari yote ya nyuma yanalala hapo. Milima ya Kalehe nayo haina huruma. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mito ilishuka na mawe na tope juu ya Bushushu na Nyamukubi, vijiji viwili vilivyo kwenye barabara hiyo hiyo, ikaua watu zaidi ya 400, na maelfu wengine hawakuonekana tena. Kila dereva anayepita pale leo anapita kando ya makaburi.

Halafu kuna bariere. Dereva wa barabara hiyo hajui asubuhi atakuta kamba ngapi njiani, zimewekwa na nani, na kila moja itaomba nini. Mwaka 2024, mapigano ya kando ya Sake yalikata kabisa njia kati ya Minova na Goma, na mizigo yote ya Minova ikalazimika kushuka ziwani. Tangu mwezi wa pili 2025, mji wa Bukavu ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, watu wa barabara wameendelea kusafiri, lakini hakuna anayeweza kumhakikishia fundi kwamba njia aliyopita Jumatatu atairudia Jumamosi.

Wapo pia wanaovuka Ruzizi na kupita upande wa Rwanda, kwenye lami nzuri inayofuata ziwa hadi Gisenyi, kisha wanaingia Goma. Ni njia ya kweli, na kwa mwenye karatasi kamili ni ya haraka. Lakini inataka karatasi ambazo mkimbizi aliyetoka kijijini usiku hana, na haimfikishi mtu Kalehe wala Minova.

Njia ya ziwa

Boti inampa fundi kitu kingine. Anakaa. Halipi esansi, hatengenezi pneu, hajibu maswali ya kila bariere. Boti kubwa za usiku zimezoeleka tangu zamani: mtu anapanda jioni Bukavu, analala, asubuhi yuko Goma. Kanoti za mwendo wa kasi hufanya safari hiyo kwa saa chache. Kwa mkaaji wa kisiwa cha Idjwi hakuna hata la kuchagua, kwa sababu gari halifiki nchi kavu bila kupanda juu ya kitu kinachoelea.

Ubaya wake unajulikana na kila nyumba ya Bukavu na Goma. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama. Ndani yake kulikuwa na watu wengi kupita uwezo wake. Makumi walikufa. Hesabu za waliokuwa ndani na za waliokufa zilitofautiana kutoka mdomo mmoja wa kiongozi hadi mwingine, na familia zikakaa siku nyingi bila kujua kama mtu wao alipanda boti hiyo au alibaki Minova. Mwaka 2019, mwezi wa nne, ziwa hilo hilo lilikuwa limekwisha kumeza boti nyingine, na watu kama 150 wakatangazwa kwamba hawaonekani.

Jambo la Merdi lina somo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Watu wengi walikuwa ziwani siku ile kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Mama muuza mboga, mwanafunzi, fundi, wote walipewa njia moja tu, na njia hiyo ikajaa kupita kiasi. Kusema kwamba walichagua boti ni kutumia neno «kuchagua» vibaya.

Ziwa pia lina siku zake. Baada ya Goma kuanguka mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, safari za boti kati ya miji hiyo miwili zilisimamishwa kwa majuma kadhaa. Fundi aliyekuwa na kazi upande wa pili alibaki huko, au alibaki huku akiwa amekula avansi ya watu.

Hesabu ambayo fundi hapigi

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tatizo. Namba zake zimechaguliwa tu kwa ajili ya hesabu, na kila fundi anaweza kuweka zake mahali pake.

Fundi wa umeme wa Bukavu anaitwa kufunga waya kwenye nyumba moja kando ya ziwa, upande wa Kalehe. Kazi ni ya siku 6. Wanakubaliana dola 180. Moyoni anasema: dola 30 kwa siku, Mungu ni mwema. Sasa safari. Nauli ya kwenda na kurudi, dola 30. Motari wa kumfikisha bandarini na wa kumtoa bandarini hadi shantie, pamoja na mzigo wa vyombo, dola 10. Chakula na mahali pa kulala, dola 30. Zinabaki 110. Siku nazo zimeongezeka, kwa sababu moja imeliwa na kwenda na nyingine na kurudi. Dola 110 kwa siku 8 ni chini kidogo ya dola 14 kwa siku. Kama siku ya kurudi upepo umechafuka au barabara imefungwa, akangoja siku mbili akila dola 5 kila siku, zinabaki dola 100 kwa siku 10. Dola 30 za siku zimekuwa dola 10.

Mwenye nyumba hakumwibia. Hakumdanganya hata neno moja. Hasara imetoka kwenye njia, na njia haikuandikwa popote. Devi ilikuwa na mita za waya, idadi ya taa, bei ya disjokta na bei ya mikono. Bukavu–Kalehe haikuwemo.

Fundi mwenye gari anajidanganya zaidi. Anahesabu esansi peke yake. Hahesabu pneu iliyopasuka Katana, amortisa zilizokufa kwenye mashimo, wala siku ambayo gari litalala kwa makanika baada ya safari. Gari ni chombo chake cha kazi kama koleo na nyundo, na kila safari inakula kipande chake. Akiweka yote hayo kwenye karatasi, mara nyingi atakuta kwamba kwa kazi ya mzigo mdogo boti ni nafuu, na kwamba gari linalipa pale tu anapokwenda na vyombo vizito au na mafundi wenzake watatu au wanne. Bila karatasi, anachagua kwa mazoea, na mazoea hayajui bei ya esansi ya juma hili.

Sheria inajua, lakini haimwoni huyu

Ajabu ni kwamba wazo la kuhesabu njia kuwa sehemu ya kazi si geni Kongo. Limo ndani ya sheria. Sheria ya hifadhi ya jamii ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, ambayo leo inasimamiwa na CNSS iliyochukua nafasi ya INSS, inaihesabu ajali inayompata mfanyakazi akitoka nyumbani kwenda kazini, au akirudi, kuwa ni ajali ya kazi, mradi hakuacha njia kwa mambo yake binafsi. Kwa maneno mengine, taifa limekwisha kukubali: mtu aliye njiani kwenda kazini tayari yuko kazini.

Lakini mlango huo uko wazi kwa yule tu aliyeandikishwa, ambaye mwajiri wake anamlipia michango. Fundi wa devi hayumo. Boti ikizama, jirani yake mwenye kontra na michango iliyolipwa ataacha kwa mjane wake dosari ya kufuatilia CNSS, hata kama ufuatiliaji huo utachukua miaka. Fundi ataacha vyombo ndani ya maji na deni la avansi. Wote wawili walikaa benchi moja, wakilipa nauli moja, wakienda kufanya kazi kwenye ukuta mmoja.

Kuna kipengele kingine ambacho mafundi wachache wanakijua. Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, kwenye kifungu cha 40, inasema kwamba mtu anayechukuliwa kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili kwa mwajiri yuleyule, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Wapo wanaume na wanawake Bukavu ambao wamebeba mawe na mchanga kwenye shantie moja miezi mitano, wakiitwa kila asubuhi «watu wa siku». Kwa sheria, wengi wao walikwisha kuacha kuwa watu wa siku zamani. Walistahili kontra, na pamoja na kontra, mambo ya njia yangepata mwenyewe.

Mtu atasema: sheria ya Kinshasa ina nguvu gani leo Bukavu, ambapo banki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, watu wakalipwa kwa simu au hawakulipwa kabisa? Ni swali la haki. Mkaguzi wa kazi hatatokea kesho pale Nyawera kuuliza nani ana kontra na nani hana. Kwa hiyo fundi asingoje. Kilichopo mkononi mwake leo ni kitu kidogo, lakini ni chake: devi.

Mstari mmoja zaidi

Pendekezo ni jepesi. Kila devi ya kazi iliyo nje ya mji iwe na mistari mitatu chini ya bei ya vifaa na mikono. Wa kwanza: usafiri, kwenda na kurudi, na njia itakayotumika, iwe barabara au ziwa. Wa pili: siku za safari, zilipwe hata kama ni kwa nusu ya bei ya siku ya kazi. Wa tatu: siku za kungoja, yaani nani analipa chakula cha fundi kama njia imefungwa baada ya kazi kwisha.

Mwenye kazi akiiona mistari hiyo, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, akubali, na fundi arudi nyumbani na kile alichodhani atapata. La pili, akatae na kusema bei ni kubwa. Hapo angalau mazungumzo yamefanyika kabla ya safari, mezani, wakati fundi bado yuko kwake Kadutu na anaweza kusema hapana. Leo mazungumzo hayo hufanyika mwishoni, kwenye shantie, fundi akiwa hana nauli ya kurudi, na mtu asiye na nauli ya kurudi hana sauti.

Mstari wa usafiri unabadilisha pia uchaguzi wenyewe. Fundi anayelipa nauli kutoka mfukoni mwake atapanda kile cha bei ya chini. Ndivyo binadamu alivyo. Cha bei ya chini ziwani mara nyingi ni kile kilichojaa zaidi, kisicho na jile za kuokolea maisha za kuwatosha abiria wote. Cha bei ya chini barabarani ni kukaa juu ya magunia ya lori. Kama nauli ya boti nzuri imeandikwa kwenye devi na mwenye kazi ameikubali, fundi anaweza kuiacha boti iliyojaa iondoke na kungoja nyingine, kwa sababu kungoja hakutoki tena kwenye unga wa watoto.

Yanayopingwa

Pingamizi la kwanza ni la soko, na ni zito. Kazi ni chache. Fundi akiweka mstari wa usafiri, mwenye kazi atamwita mwingine ambaye hakuuweka. Na mwingine yupo daima, hasa sasa ambapo aliyekimbia kutoka Kalehe au Minova, mwenye watoto watano katika chumba kimoja cha kuazima, atakubali bei yoyote.

Ni kweli. Lakini kumlaumu mkimbizi huyo ni kukosa shabaha. Yeye ndiye anayepoteza zaidi, kwa sababu anaitwa mara nyingi kwa kazi za kule kwao, anakokujua, na anakwenda kwa bei inayodhani njia ni bure. Jibu haliwezi kutoka kwa fundi mmoja mmoja. Mafundi wa kona moja, wale wanaokaa pamoja kila asubuhi wakingoja wateja, wanajuana kwa majina na tayari wanakubaliana juu ya bei ya kufunga taa moja au kujenga mita moja ya ukuta. Wanaweza kukubaliana pia kwamba hakuna anayetoka mji bila nauli ya kwenda na kurudi, mwenyeji na aliyekimbia sawasawa. Aliyekuja na vita akikaribishwa katika makubaliano hayo, hana sababu ya kuyavunja. Akifungiwa nje, atayavunja kesho asubuhi, naye hatakuwa na kosa.

Pingamizi la pili ni la wenye kazi wadogo. Mama mjane anayejenga vyumba viwili Katana kwa pesa za kuuza mihogo hawezi kulipa siku za safari za fundi wa Bukavu. Hilo pia ni kweli, na kwa mama huyo fundi anaweza kupunguza, kama mafundi walivyopunguza daima kwa watu wao. Lakini kupunguza ni zawadi, na zawadi hutolewa na mtu anayejua anatoa nini. Akiandika mstari wa usafiri na kuukata mwenyewe kwa kalamu mbele ya mama, wote wawili wanajua amesaidia kiasi gani.

Tena kazi nyingi za nje ya mji hazitoki kwa wajane. Zinatoka kwa makampuni, kwa mashirika yanayojenga vituo vya afya na mabomba ya maji, kwa wafanyabiashara wa mjini. Baadhi ya hao wana magari yenye bendera na masharti makali ya usalama kwa watumishi wao wenyewe: usitembee usiku, vaa jile, usipite barabara fulani. Fundi waliyempa kandarasi ya siku kumi anaambiwa tu: «Tutakukuta kule Jumatatu saa mbili.» Kama njia ni ya hatari kwa mtumishi wao, ni ya hatari kwake pia. Shirika lililokuja kusaidia waliokimbia vita lina deni la ziada hapa, kwa sababu mara nyingi anayebeba saruji kwenye mradi wake ni mmoja wa hao hao waliokimbia.

Pingamizi la tatu husemwa na mafundi wenyewe: «Kifo ni cha Mungu, karatasi haitazuia boti kuzama.» Hapana, haitazuia. Lakini watu waliokuwa juu ya Merdi walikuwa pale kwa sababu za pesa na za barabara zilizofungwa, na mambo ya pesa yanaweza kupangwa na wanadamu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha Mungu.

Kabla ya kutoka nyumbani

Yapo pia mambo madogo yasiyongoja mwenye kazi wala kiongozi. Anayepanda boti aangalie jina lake linaandikwa kwenye orodha ya abiria, na kama halijaandikwa, aombe liandikwe. Orodha hiyo ndiyo itakayomwambia mke wake ukweli siku ambayo hakuna mwingine atakayemwambia. Jile avae tangu boti inapong'oa nanga. Jile iliyofungwa kwenye fungu juu ya paa haimsaidii mtu. Boti ikionekana imekaa chini sana ndani ya maji, ashuke, hata kama amekwisha kulipa.

Mwenye gari apige simu kwa mtu wa Nyabibwe au wa Kalehe kabla ya kuwasha moto, kwa sababu habari za barabara za jana haziendeshi gari la leo. Aondoke mapema ili giza limkute amefika. Asibebe kwa pesa mtu asiyemjua wala mzigo asiojua una nini ndani, kwa sababu kwenye bariere mwenye gari ndiye anayejibu.

Na kila anayeondoka, kwa njia yoyote, amwachie mtu nyumbani mambo manne: jina la boti au namba ya gari, jina la shantie, namba ya simu ya mwenye kazi, na namba ya fundi mwenzake anayesafiri naye. Familia zilizokimbia zinajua kuliko wengine uchungu wa kutafuta mtu bila hata moja ya hayo.

Reli ya Kamanyola haitapanda mlima mwaka huu, na lami ya Minova imeahidiwa na viongozi wengi waliokwisha kuondoka. Mpaka siku hiyo fundi wa Bukavu ataendelea kuulizwa jioni kwamba atapita wapi. Ana haki ya kujibu akiwa na nauli ya kwenda na ya kurudi mfukoni, zilizotoka kwa mwenye kazi.